Orodha ya Mambo Yanayoruhusiwa Kumvutia Mhadhiri

Nchi yenyewe ipo, ila msiitafute kwenye ramani. Jina lake nalijua vizuri, lakini kulitaja kwa maandishi kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ukarabati tangu mwaka ule wa mvua nyingi. Kwa hiyo nitasema tu nchi yetu, nanyi mtanielewa, kama mlivyozoea.

Mimi naitwa Hizza Mndolwa, karani wa Chuo Kikuu cha Taifa, Ofisi ya Wasifu, mwaka wa ishirini na sita sasa. Kazi yangu ni kuchapa habari za wahadhiri: mtu kazaliwa wapi, kasoma wapi, kitaaluma anavutiwa na nini. Zamani ilikuwa kazi nyepesi. Mhadhiri aliandika kwa mkono wake, mimi nikachapa, karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa idara, wanafunzi wakapita bila kuisoma. Tuliishi kwa amani namna hiyo miaka mingi.

Mambo yaliharibika siku mhadhiri mmoja wa elimu ya wadudu alipohojiwa redioni kuhusu nzige. Katikati ya nzige akapitiwa, akasema barabara ya kwenda uwanja wa ndege ina mashimo. Bahati mbaya Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Juu na Juu Zaidi alikuwa anamsikiliza, na gari lake wakati huo lilikuwa ndani ya shimo mojawapo. Waziri alikasirika mno. Mtu wa wadudu anajuaje mashimo? Wiki tatu baadaye ikapitishwa Sheria ya Kila Msomi na Lake.

Sheria ilikuwa na vifungu viwili tu, maana wabunge walikuwa wanawahi chakula. Kifungu cha kwanza: msomi hataruhusiwa kutoa neno juu ya jambo lolote lisiloandikwa katika wasifu wake, chini ya kichwa cha habari Mambo Yanayomvutia Mhusika. Kifungu cha pili kiliwekwa ili wasomi wasinune: juu ya jambo lililoandikwa, neno la msomi huyo ni la mwisho, na hakuna mwenye mamlaka, hata awe Waziri, atakayelipinga. Wasomi wetu walikipigia makofi kifungu cha pili. Cha kwanza walikuwa hawajakifikia.

Baada ya hapo Wizara ikatuletea Orodha ya Mambo Yanayoruhusiwa Kumvutia Mhadhiri. Yalikuwa kumi na tisa. Nakumbuka amani, nyuki, maua, mazoezi ya viungo, usafi wa kinywa, ngoma zisizo na maneno, na maisha ya viongozi walio hai. Kila mhadhiri alitakiwa kuchagua moja, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa.

Walikuja dirishani kwangu mmoja mmoja. Profesa Kagoro wa sayansi ya siasa, aliyeandika vitabu vitatu juu ya uchaguzi, alisimama pale karibu nusu saa akiisoma orodha juu mpaka chini, chini mpaka juu.

"Bwana Hizza," akasema mwishowe, "niandikie nyuki."

"Nyuki, Profesa?"

"Nyuki wana malkia, na hawapigi kura. Hapo sitakosea."

Nikamwandikia nyuki. Nyuma yake alikuwa Dakta Mwamtoro wa historia. Aliniuliza kama anaweza kuvutiwa na historia ya kabla ya kuwepo watu. Nikamwambia haimo. Akaguna, akachagua mazoezi ya viungo, mtu ambaye ngazi tatu za ofisi yangu humwacha akishika kiuno. Wahandisi walikuja kwa pamoja na wote wakaandika amani.

Sikucheka. Mtu akichapa vitu vya namna hii kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, kicheko hukauka chenyewe. Na hapo sijagusa habari za asili zao, ambazo Kamati ya Wasifu ilizisahihisha kwa kalamu nyekundu. Waliozaliwa katika wilaya zenye manung'uniko walihamishwa wakazaliwa wilaya za jirani. Waliosoma katika nchi tuliyogombana nayo walisoma ng'ambo, basi. Mmoja aliyekuwa na kaka gerezani akawa mtoto wa pekee, nikafuta kaka kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Aliyekataa kuchagua alikuwa Dakta Eufrasia Kimbute.

Dakta Kimbute alifundisha uhandisi wa majengo, na kwa miaka kumi na minane wasifu wake ulikuwa na neno lile lile: nyufa. Baba yake, Mzee Kimbute, alikuwa fundi mwashi. Ndiye aliyemfundisha kwamba ufa unaweza kuwa umelala au unaweza kuwa unatembea, na macho hayawezi kutofautisha. Unachukua kipande chembamba cha kioo, unakibandika kukatisha ufa, ncha mbili unazishika kwa saruji, kisha unaandika tarehe. Ufa ukilala, kioo kitakaa hapo hadi wajukuu wakue. Ufa ukisogea hata kwa upana wa unywele, kioo kitakatika, kwa kuwa kioo hakijui kuvumilia. Mzee alikufa Eufrasia akiwa na miaka kumi na mitatu, alipoangukiwa na ukuta wa bohari ambalo mwenyewe alikuwa ameshasema lifungwe.

Sasa Maktaba yetu ya Ushindi ilichorwa iwe na ghorofa nne. Ilipokaribia kwisha, nchi jirani ikajenga ya ghorofa tano, basi yetu ikaongezewa mbili, zikaitwa ghorofa za heshima. Hazikuwa kwenye mchoro. Ukumbi wa Kusomea uko ghorofa ya tatu, chini ya heshima yote hiyo, na ndani yake husoma wanafunzi mia nne kila siku. Dakta alikuwa amebandika vioo tisa kwenye kuta zake. Siku aliyokuja dirishani kwangu, vinne vilikuwa vimekatika, vyote ndani ya miezi miwili.

"Dakta, chagua moja tu," nilimwambia. "Hata usafi wa kinywa. Ni karatasi tu hii."

"Bwana Hizza, nimeandika barua ukumbi ule ufungwe. Sheria inasema wataisoma kama ufa umo kwenye wasifu wangu. Usipokuwemo, hata wakinisikia hawataruhusiwa kunisikia. Andika nyufa."

"Kamati itafuta."

"Wafute wao. Wewe andika."

Nikaandika. Jumatatu Kamati ikakaa, mimi nikiwa pembeni na daftari la kumbukumbu. Mwenyekiti alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Lutengano Bakunda, mtu mwenye sauti nzuri sana na ambaye hajawahi kuanza sentensi asiyoweza kuirefusha. Alisimama, akarekebisha tai.

"Waheshimiwa wajumbe," akasema, "kwa unyenyekevu mkubwa na kwa kutambua safari ndefu ambayo taasisi yetu imesafiri na inaendelea kuisafiri, naomba tujiulize. Orodha imetoka Wizarani. Je, Wizara inaweza kusahau kitu kilichopo?"

Wajumbe wakasema haiwezi.

"Nyufa zimo kwenye orodha?"

Wakasema hazimo.

"Basi tumwonee huruma mwenzetu, aliyepoteza miaka kumi na minane akivutiwa na kitu ambacho hakipo. Karani, mtafutie jambo lingine, linalokaribiana na ukuta."

Kisha wakapitia asili yake. Mjumbe mmoja alisema habari ya baba kuangukiwa na ukuta inaleta picha mbaya kwa sekta ya ujenzi. Wakajadiliana dakika arobaini, wakanipa maneno ya kuchapa: baba yake alifariki akiwa karibu na ukuta.

Nilirudi ofisini saa kumi kasorobo. Kichwa kilikuwa kinaniuma, na bado nilikuwa na wasifu wa watu thelathini na mmoja wa kukamilisha. Nikapitisha kidole kwenye orodha, kikasimama kwenye maua. Nikajiambia maua hupandwa kando ya kuta, yanakaribiana. Nikachapa, nikapiga muhuri, nikaenda nyumbani. Sina la kujitetea. Nilichoka, na nilimfanyia mwenzangu ubaya kwa sababu ya uchovu, tena usiku huo nililala vizuri.

Barua ya Dakta ya kutaka ukumbi ufungwe ilirudishwa Alhamisi. Jibu nililichapa mimi mwenyewe: ofisi imepokea maoni yako, lakini kumbukumbu zinaonyesha kwamba unavutiwa na maua. Unakumbushwa kifungu cha kwanza. Wako katika ujenzi wa taifa.

Alikuja akasimama dirishani akiwa na karatasi mbili mkononi, lile jibu na wasifu wake mpya. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Maua, Bwana Hizza?"

"Dakta, nisamehe. Siku ile nilikuwa..."

"Na baba yangu alikuwa karibu na ukuta."

Akaukunja ule wasifu mara nne, taratibu, akautia mkobani.

"Leo asubuhi kimekatika cha tano," akasema. "Watoto wa watu mia nne wamekaa mle wanajiandaa na mitihani. Wewe si una binti mwaka wa pili?"

Ninaye. Anaitwa Tuzo, anasomea ualimu, na hupenda kukaa ukumbini karibu na nguzo kwa kuwa kuna soketi ya kuchajia simu. Jioni ile nilimkataza kusoma mle. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia kuna vumbi. Akaniambia, "Baba, na wenzangu je, wao hawavuti vumbi?" Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Wiki mbili baadaye likatoka tangazo. Daftari la Wasifu wa wahadhiri wote limekamilika, na litazinduliwa na Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Mahali: Ukumbi wa Kusomea, kwa sababu ndio mkubwa kuliko zote. Wanafunzi mia nne, Tuzo akiwemo, watahudhuria kwa lazima ili kupiga makofi. Mapambo ya ukumbi yatasimamiwa na mtaalamu pekee wa maua aliyesajiliwa nchini, Dakta Eufrasia Kimbute.

Nilidhani atakataa. Hakukataa. Alifika mapema asubuhi na vyungu kumi na vinne vya maua, akavipanga kwa makini ambayo Profesa Bakunda aliisifu sana. Mimi peke yangu ndiye niliyeona kwamba kila kioo kilikuwa na chungu chake chini. Vioo vizima vilibaki vitatu.

"Dakta," nikamnong'oneza, "twende tukamwambie Makamu sasa hivi."

"Nimeshamwambia. Amenisomea kifungu cha kwanza kwa ghibu." Akajifuta udongo mikononi. "Kaa karibu na milango ya mashariki. Nikisimama, ufungue yote miwili, uishikilie isijifunge. Utaweza?"

Nikasema nitaweza, nikaenda kusimama mlangoni.

Mheshimiwa Waziri alianza hotuba saa nne na robo. Ilikuwa na kurasa sitini na mbili. Alieleza jinsi ulimwengu mzima unavyotuonea wivu kwa kuwa na wahadhiri ambao mambo yanayowavutia yanajulikana kwa idadi. Akampongeza Profesa Kagoro kwa mchango wake katika nyuki, na Kagoro akasimama, akainama, akakaa bila kumtazama mtu. Kwenye ukurasa wa thelathini na tisa akafika kwenye kifungu cha pili.

"Nani kasema Serikali haiheshimu wasomi?" akauliza, akipiga meza. "Mimi hapa, na ukubwa wangu wote, msomi akisema juu ya lile alilosajiliwa, nanyamaza! Natii! Kama mtoto mdogo!"

Makofi yakapigwa, watu mia nne kwa pamoja, na makofi yalipokoma tukasikia sauti ndogo ukutani, tik, kama mtu anayevunja njiti ya kiberiti. Halafu nyingine. Walimu walisikia. Nilikuwa nikizitazama nyuso zao kutoka mlangoni. Wahandisi sita waliosajiliwa kwa amani waliinamisha vichwa na kutazama viatu. Dakta Mwamtoro alifumba macho. Vumbi jeupe likadondoka kutoka darini, likatua kwenye karatasi za Waziri, naye akalipuliza na kuendelea.

Dakta Kimbute akasimama.

"Mheshimiwa Waziri, samahani. Nina neno la kitaaluma."

Waziri akamgeukia Profesa Bakunda. "Nani huyu?"

Bakunda, jasho likimtoka, akafungua Daftari jipya. "Ni Dakta Kimbute, Mheshimiwa. Jambo linalomvutia ni... maua."

"Ehe! Maua!" Waziri akatabasamu kwa ajili ya kamera. "Sema, mama. Maua yana nini?"

"Maua hayauridhii ukumbi huu, Mheshimiwa. Yananyauka. Yanataka watu wote watoke ndani ya dakika tano, bila kukimbia wala kusukumana, wakianzia safu za katikati."

"Watoke? Maua yanataka watu watoke?"

"Yanataka wapite ngazi ya mashariki. Ya magharibi hayaipendi hata kidogo."

Profesa Bakunda akafungua kinywa ili amwambie akae. Waziri akamwekea mkono. Mnajua, yule mtu hakuwa mjinga. Nilimwona anatazama vumbi kwenye ukurasa wake, kisha dari, kisha kamera mbili za televisheni zilizomnasa dakika moja tu nyuma akiapa kutii kama mtoto mdogo. Alikuwa amepewa njia ya kutoka nje bila ya kusema kwamba kuna ufa katika nchi yetu.

"Mtaalamu amesema," akatamka kwa sauti nzito. "Tutaendelea bustanini."

Nilikuwa nimeshafungua milango yote miwili, nimeiegemea kwa mgongo. Walipita mbele yangu safu kwa safu, wengine wakicheka maua, wengine wakilalamika jua. Tuzo alipita akanitazama usoni, akaacha kucheka. Walimu walifuata, na wa mwisho alikuwa Dakta, mkono wake ukiwa umeshika ukuta kwa muda wote, kama muuguzi anayempima mgonjwa joto.

"Vyungu je?" nikamuuliza.

"Acha. Shuka, Bwana Hizza, shuka!"

Waziri alikuwa amefika ukurasa wa arobaini na mbili, chini ya hema la bustanini, ukumbi ulipoanguka. Ghorofa mbili za heshima zilishuka pamoja na ya nne juu ya ile ya tatu kwa mlio ambao sitaki kuueleza, na wingu la vumbi likafunika kila kitu hata tusionane. Lilipotulia, hakuna aliyekosekana. Tulihesabu mara tatu. Nakala elfu mbili za Daftari la Wasifu zilikuwa ndani, nazo ndizo pekee zilizozikwa. Nililia mbele ya wanafunzi na sikuona aibu.

Tume ya uchunguzi ilikaa siku tisa, na taarifa nikachapa mimi. Inasema kwamba jengo halikuanguka bali liliketi. Inasema chanzo ni maua kutoridhika, na kwamba hali hiyo haikuweza kutabirika isipokuwa na mtaalamu wa maua. Inapendekeza Dakta Eufrasia Kimbute ateuliwe Mshauri Mkuu wa Maua wa Taifa, azunguke kila hospitali, kila shule, kila daraja na kila ofisi ya umma, na popote atakaposema maua hayaridhiki, watu watoke. Profesa Bakunda alipandishwa cheo kwa kumwalika.

Siku aliyokuja kuchukua barua ya uteuzi nilikuwa nimeshaandaa fomu mpya. Niliuma ulimi kwanza, kisha nikasema.

"Dakta, Kamati ina woga kidogo sasa. Huu ndio wakati. Nikurudishie nyufa zako."

"Usithubutu," akasema. "Miaka kumi na minane nilikuwa wa nyufa, wakanirudishia barua kumi na moja. Nimekuwa wa maua miezi miwili, Waziri ameshuka ngazi kwa miguu yake. Niache hapo hapo kwenye maua."

Akachukua barua, akafika mlangoni, akarudi.

"Ila baba yangu mrekebishe. Yeye hahitaji kibali cha mtu. Ukuta ulimwangukia, baada ya kuwaambia. Andika hivyo."

Nilichapa hapo hapo akiwa amesimama, bila kuuliza Kamati, na nikapiga muhuri mkubwa unaotumika kwa viongozi tu. Alisoma, akasoma tena. Alinishika bega, akaondoka.

Tangu hapo amefunga shule saba na hospitali moja. Wakuu wanamshukuru, wanampiga picha akiwa na vyungu, na hakuna hata mmoja ambaye amewahi kumuuliza kwa nini maua mazuri kiasi kile kila mara huwekwa mbele ya ukuta. Mimi nimerudi kwenye kuchapa. Orodha ya mambo yanayoruhusiwa imefika ishirini. Wameongeza kuketi kwa majengo, na wahandisi wote sita wameacha amani wakahamia huko.

Jumatatu iliyopita nilikuta chungu cha maua ya waridi juu ya kabati, nyuma ya kiti changu. Hakikuwa na barua wala jina. Nilikisogeza kidogo ili niweke faili, nikaona kipande chembamba cha kioo ukutani, saruji yake bado mbichi, na tarehe ya siku ile kwa mwandiko ninaoufahamu. Nikakirudisha chungu mahali pake. Sasa kila asubuhi, kabla sijaketi, natazama kwanza nyuma ya maua.